Mkuu wa Stoo na Punda Wangu

Mkuu wa stoo wa kikosi cha akiba alichukua punda wangu wanne hapa Kakuma, mwaka ule wakimbizi walipoanza kuingia, na hajawarudisha. Kikosi chenyewe kina historia tukufu: kilipewa lori moja kutoka Lodwar, likazama kwenye mchanga wa mto Tarach, na tangu hapo risasi, unga na maji ya mashujaa wetu vikabebwa na punda wa wanawake. Mkuu wa stoo mwenyewe alibeba kalamu, tatu, mfukoni. Kila asubuhi alipiga pasi suruali yake, kisha akawapaka punda namba za kijani ubavuni, kama magari, na kuwatukana kwa Kiingereza wakigoma. Mizigo aliifunga upande mmoja, akashangaa ikianguka.

Nilipoenda kuwadai, wafugaji wenzangu walikuwa wakipakia nyumba zao za fito na ngozi juu ya punda, kuhamia malisho ya milimani.

"Afande, huyu ana alama ya ukoo wangu sikioni."

Akalitazama lile sikio, akalikunja taratibu kwa vidole vyake safi, akalishikilia hivyo hivyo. "Mama, mimi naona namba tu."

"Basi nipe lori lako linibebee nyumba."

"Lori liko njiani, mama." Askari wake wakacheka.

Wenzangu wakaondoka. Mimi bila punda nikabaki, na mbuzi wangu wakafia hapa kwa kukosa majani. Yeye amehamishiwa Lodwar, amepandishwa cheo kwa kazi nzuri ya uchukuzi. Siidai serikali. Ninamdai yeye, majike watatu na dume mmoja, wenye nguvu ya kubeba nyumba.