Neno Tamu la Profe

Mimi ni profe, mwalimu wa Kingereza hapa Bunia, na kwa miaka mingi nusu ya watu wa mtaa wetu wa Ngezi wametafuta kazi kwa neno langu moja. Siku hizi matangazo ya kazi ya maONG mengine, yale mashirika ya misaada, yanataka CV ya Kingereza, basi mtu akiliona tangazo ubaoni anakuja mbio kwangu: "Profe, unitengenezee CV." Nami natengeneza. Sikuwa nikiomba kitu. Sifa zilinitosha, na kweli zilinilevya.

Neno lenyewe ni skilfully. Maana yake ni kufanya jambo kwa ufundi, mkono ukijua unachofanya. Nililipenda mno! Nikalitia kila mahali kama chumvi. Mlinzi, anafungua lango skilfully. Dereva mmoja aliyegonga ukuta wa parokia mara mbili, tena mchana kweupe, nilimwandikia kwamba anaendesha skilfully. Akanikumbatia.

Siku moja akaja jirani yangu, mama mshonaji. Huyu, jamani, ni fundi wa kweli. Hahitaji mita ya kupimia. Anakutazama mara moja ukipita, na shati linakukaa. Ila alikimbia vita upande wa Nizi na mashine yake ikabaki kule. Tangu hapo anashona kwa mashine za wenzake, wao wakipumzika. Sasa kituo kimoja cha ONG kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ushonaji, na atakayechukuliwa angepewa mashine aende nayo nyumbani.

"Profe," akaniambia, "uandike tu kama najua kushona."

"Tu? Wacha hiyo, mama! Nitakuandikia kitu ya kushitusha bazungu."

Nikampa skilfully tatu, kila mstari na yake. Nililala nimeridhika.

Siku ya mtihani alifika wa kwanza, mkasi umefungwa ndani ya kitambaa. Lakini wakubwa wa kituo walianza na kusoma karatasi. Kumbe wamama watano, wa Ngezi na wa mtaa wa Lumumba, wote walikuwa wamepitia kwangu! Wote wanashona skilfully, mara tatu, kwenye mistari ileile. "Hawa wameibiana," wakasema, wakawarudisha wote watano kabla sindano haijatiwa uzi. Kazi ikaenda kwa mama aliyeleta barua aliyoiandika kwa mkono, mistari minne.

Jirani yangu alipita kwangu akitoka huko, akanieleza yote. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na badala ya kuomba msamaha nikaanza kuwatukana wakubwa wale, eti hawajui Kingereza. Aliniacha nimalize.

"Profe, ile neno inasemaka nini?"

"Inasema weye unashona na ufundi, mama."

Akaushika mkasi wake, bado umefungwa kitambaani.

"Mashine ilikuwa pale mbele yangu, profe. Hawakuacha hata niiguse."