Matone ya Kutuliza Mwasho

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na nilikuwa nimefanya kazi ya maabara kwa miaka minane katika kituo kidogo cha afya mjini Voi. Wagonjwa waliniita daktari, kama wanavyomwita kila mtu aliyevaa koti jeupe, nami nilikuwa nimeacha kuwarekebisha. Kazi yangu ilikuwa kudunga vidole, kupaka tone la damu kwenye kile kioo chembamba tunachokiita slaidi, kukitia rangi, kisha kuinamia maikroskopu na kutafuta vimelea vya malaria.

Macho yangu yaliwasha tangu nikiwa msichana wa shule kule Sagalla. Kiangazi kikikolea na lile vumbi jekundu likianza kuruka, niliyasugua hadi kope zikavimba. Mama alikuwa akinifunga kitambaa kibichi, basi. Nilipoajiriwa, mwenzangu wa chumba cha dawa aliniona nikijisugua akanipa chupa ndogo ya matone. Baada ya siku mbili mwasho ulikuwa umekwisha kabisa. Chupa ilipoisha nikaomba nyingine. Hakuna daktari aliyewahi kuniandikia dawa hiyo. Nilipita tu kwenye dirisha lake nikanyoosha mkono, naye akanipa bila kuinua kichwa. Tulifanya hivyo miaka saba.

Mwaka juzi maikroskopu ikaanza kunisumbua. Kila nikiiwasha, mwanga ulitawanyika, na chembe za damu zikaonekana kama ziko nyuma ya maziwa. Nilifuta lenzi kwa karatasi yake, nikafuta tena kwa spiriti. Nikamwambia msimamizi kwamba mashine imeingia ukungu. Akaleta fundi kutoka Mombasa, fundi akaifungua, akaifunga, akasema mashine ni nzima. Nilimwona fundi huyo kuwa mjinga.

Nje nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Saa saba mchana, nikitoka kwenda kula, barabara nzima ilikuwa nyeupe. Watu walinisalimia na mimi nikaitikia sauti. Asubuhi na mapema, au kukiwa na mawingu, niliona nafuu, kwa hiyo nikajiambia ni jua. Mama akasema ni simu. Jirani akasema ni hiyo mashine ninayoichungulia kutwa. Nilikubaliana na kila mmoja wao, maana nilikuwa sina haja ya kubishana.

Kisha vipimo vya haraka vya malaria vikatuishia, vile vya kuweka tone la damu na kusubiri mistari miwili. Kwa wiki kadhaa tukabaki na slaidi peke yake. Siku moja mama mmoja alikuja kwa bodaboda kutoka Mraru na mtoto wa kike wa miaka mitatu, mwili unachemka. Nilimdunga kidole, nikaitia slaidi rangi, nikainama. Niliangalia kwa muda wa kutosha. Sikuona kitu. Nikaandika kwamba hana vimelea. Wakapewa dawa ya homa wakaenda nyumbani.

Siku ya tatu mtoto alirudishwa akiwa na degedege. Sikumwona akiingia, nilisikia tu viatu vikikimbia na mama yake akisema, "Mlisema hana kitu! Mlisema hana kitu!" Wakamchoma sindano, gari likamchukua kwenda hospitali kubwa.

Sisi huhifadhi slaidi kwenye kisanduku kwa muda. Jioni ile nilimngoja mwenzangu wa maabara, dada anayeshika zamu za wikendi, aliyekuwa aje kuchukua vitu vyake. Nikamwekea slaidi ya yule mtoto.

"Hebu niangalizie hii," nilimwambia.

Aliinama. Hata hakukaa kwenye kiti.

"Vimejaa," alisema. "Ya nani hii?"

Niliosha vifaa vyote vilivyokuwa kwenye sinki, nikavipanga vikauke, nikavua koti. Naikumbuka vizuri ile kazi ya kuosha. Hofu siikumbuki, wala kilio. Ilikuwa kama habari ya mtu mwingine ambayo nilipaswa kuipeleka mahali.

Kabla ya kufunga mlango niliziba jicho la kushoto nikaitazama kalenda ya ukutani. Kwa jicho la kulia haikuwa kalenda, ilikuwa doa jeupe kwenye ukuta. Nikabadilisha. La kushoto lilisoma mwezi, tarehe hazikusomeka. Miezi yote hiyo sikuwahi kufikiria kuziba jicho moja.

Asubuhi nilimweleza msimamizi yote, na nikamwomba slaidi zangu za mwezi ule zisomwe upya na mtu mwingine. Zilisomwa. Mbili zaidi zilikuwa na makosa, zote za watu wazima, nao walikuwa wameshapata dawa kwingine. Mtoto wa Mraru alikaa wodini siku nane. Kila siku nilipiga simu kuuliza, na kila siku muuguzi alinijibu kwa maneno yaleyale, kwamba anaendelea vizuri. Nilisema asante nikakata.

Kliniki ya macho ilikuwa imejaa wazee. Mzee mmoja mfanyabiashara kutoka Taveta, mwenye kanzu safi, alinisogezea nafasi kwenye benchi.

"Mwanangu, umemleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe, mzee."

"Subhanallah. Kijana hivi?"

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinitia matone ya kupanua mboni, akanimulika, akanimulika tena.

"Una mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili. La kulia limeathirika zaidi."

"Bibi yangu alikuwa na ugonjwa huo. Alikuwa na miaka themanini."

"Wa bibi yako ulikuwa wa uzee. Wako umekaa sehemu ya nyuma ya lenzi, katikati kabisa, pale mwanga unapopita. Ndiyo maana jua linakupofusha. Una kisukari?"

"Hapana."

"Uligongwa jichoni? Ulichomwa na kitu?"

"Hapana."

"Kuna dawa yoyote unayotumia kwa muda mrefu?"

Nilifungua mkoba nikampa ile chupa. Aliisogeza karibu na taa akaisoma. Aliniambia ina steroidi, dawa inayozima mwasho upesi, lakini ikitumiwa miezi na miaka inaweza kuitia lenzi ya jicho ukungu hata kwa mtu mdogo, na inaweza pia kupandisha shinikizo ndani ya jicho likaua mshipa wa kuonea bila maumivu. Akanipima shinikizo papo hapo. Lilikuwa juu kidogo, la kudhibitiwa.

"Nani alikuandikia?"

"Hakuna."

"Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Aliandika tu.

Nilipomweleza mwenzangu wa chumba cha dawa, alikaa chini.

"Ni mimi niliyekupa," alisema.

"Ni mimi niliyeomba."

Tangu hapo chupa zile hazitoki dirishani bila karatasi ya daktari. Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo.

Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza. Nilikuwa macho, nimefunikwa uso, jicho limetiwa ganzi. Niliona mwanga mkali na vivuli vikipita, nikasikia mlio mwembamba wa mashine, na maji ya baridi yakateremka kuelekea sikioni. Walitoa lenzi yangu wakaweka nyingine ya kutengenezwa. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Nilingoja niogope, sikuogopa.

Mama alishuka kutoka Sagalla kuja kunitilia dawa. Daktari alikuwa amenieleza kwamba matone ya baada ya upasuaji nayo yana steroidi, ila ni ya wiki chache, yakipunguzwa hatua kwa hatua, na yeye akinipima. Mama hakupenda habari hiyo. Kila mara alipoishika chupa aliniuliza, "Hii ndiyo ile?" na mimi nikamjibu, "Si ile, Mama. Na hata kama ni ile, safari hii kuna anayeangalia." Alitia tone moja, akafunga kifuniko kwa nguvu, akaiweka juu ya kabati mahali ambapo mkono wangu haukufika.

Nilirudi kazini baada ya mwezi na nusu, slaidi zangu zikikaguliwa na yule dada wa zamu za wikendi, ambaye sasa alikuja kila siku. Kwenye maikroskopu niliona vizuri. Shida ilikuwa daftari. Lenzi mpya haijikazi kama ile ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo vya mbali viko wazi na vya karibu vinahitaji miwani. Nikaanza kuvaa miwani ya kusomea na kuishusha puani kama mwalimu mstaafu.

Wiki ya pili mama wa Mraru alikuja na yule mtoto, ana homa tena. Alisimama mlangoni mwa maabara aliponiona.

"Ni wewe uliyempima siku ile?"

"Ni mimi. Alikuwa na malaria na mimi sikuiona. Macho yangu yalikuwa mabovu na sikujua. Nisamehe, mama."

Mtoto alikuwa amelala begani kwake, kiatu kimoja hakipo.

"Na sasa unaona?"

"Jicho moja limetengenezwa. Na nikishasoma mimi, mwenzangu anasoma tena."

"Basi mpimeni," alisema, akaketi. Hakusema kwamba amenisamehe. Safari hiyo mtoto hakuwa na vimelea, nasi tuliisoma slaidi yake wote wawili, nikamwita mama mwenyewe aje achungulie. Alichungulia kwa adabu tu. Koo ndilo lililokuwa na kidonda, akapewa dawa yake.

Jicho la kushoto lilipasuliwa miezi minne baadaye. Mama yangu alikuja tena kunisindikiza. Asubuhi ya pili muuguzi alinitoa bandeji, akanionyesha herufi ukutani, nikazisoma hadi mstari wa chini kabisa. Alipiga makofi. Mama akasema, "Asante Yesu," akanishika goti.

"Mbona huchangamki?" aliniuliza tulipotoka.

"Nimefurahi, Mama. Nimechoka tu."

Tulinunua ndizi, tukakaa kwenye ukuta wa nje tukala, tukingoja jua lipungue.