Kiti cha Nyuma cha Pikipiki Kubwa

Leseni yangu ya pikipiki haikuwa imetimiza hata mwezi, nami tayari nimeanza kuiota mashine ya cc mia sita. Kiwandani Changamwe, ninakofanya kazi, mkono wangu wa kulia ulikuwa ukijisokota wenyewe, kama unaovuta mafuta ya pikipiki. Sijui ilikuwa tamaa au umri. Kutulia sikutulia.

Twakaa Mishomoroni, na mke wangu hufua mashuka katika hoteli moja ya Shanzu. Nilimwambia nataka pikipiki nimpeleke kazini. Wakati nasema hivyo niliamini, au nilidhani naamini.

Tukaenda sote wawili Junda, kwa muuzaji aliyekuwa ameiegesha ile ya cc mia sita uani kwake. Nyeusi, tangi limetuna kama kifua cha bondia. Muuzaji, nisimsingizie, hakunidanganya. Aliniuliza nimewahi kuendesha nini, nikamwambia ile ndogo ya kujifunzia. Akaniambia hii yaruka ukiigusa tu, na pale pembeni anayo nyingine ndogo yenye kiti kirefu. Nikajifanya sikusikia.

Nikaiwasha, nikaachia klachi upesi. Ikaruka, nami nikakokota miguu mchangani mpaka ikasimama karibu na ukuta. Muuzaji akaangalia kando. Hilo namshukuru.

Kisha nikamwomba mke wangu apande nyuma. Yeye hukaa upande kwa ajili ya buibui, kama wanawake wengi wa kwetu wakaavyo kwenye boda. Kiti kile kilikuwa kipande kidogo kilichoinuka na kuinamia mbele. Akakaa, akateleza hadi mgongoni mwangu. Akajaribu tena, mkono mmoja umekusanya buibui lisiingie kwenye mnyororo. Mwisho akashuka, akajipangusa.

"Hii imetengenezewa mtu mmoja," akasema. Hakuwa na hasira. "Wewe inunue kama roho yako imeipenda. Mimi ntapanda tuktuk, tutakutana hukohuko."

Afadhali angenigombeza. Nilisimama pale nikitazama kubwa, nikitazama ndogo, mpaka nikamwonea haya muuzaji. Tukarudi na ndogo.

Jioni jirani yangu, niliyekuwa nimemchosha kwa picha za ile kubwa kwenye simu, akaja kuitazama.

"Bwana, tulingoja simba, watuletea paka," akacheka. "Mke amekataa, sivyo?"

Mke wangu alikuwa mlangoni akichambua mchele. Kuitikia kulikuwa rahisi kabisa, na jirani angenihurumia.

"Hakukataa," nikasema. "Aliniambia niinunue. Ni mimi niliyeogopa."

Jirani akaipiga tairi teke dogo, akaenda zake. Mke wangu hakuinua uso. Hata mimi sina hakika kama nilisema kweli yote. Woga ulikuwepo, na lile neno lake la mtu mmoja lilikuwepo, na sijui ni lipi lililonigeuza.

Asubuhi akakaa upande, akanishika kiunoni, tukatoka. Hatujafika mbali akaniinamia sikioni, akaniuliza mbona naenda mwendo wa maiti, au nataka afutwe kazi.