Chini ya Bustani ya Paskazia

Paskazia Mashimba alizaliwa kando ya kijito kile kinachopita nyuma ya Kisesa kuelekea ziwani, na alipofiwa na mumewe alirudi palepale kulima nyanya. Kila likizo ya Juni, mwalimu Yeremia alipowaleta wanafunzi wake wausome mto kwa mikono yao, yeye aliwachemshia viazi na kuwaonyesha mawe ya kupindua.

Mwaka huu walianza kijitoni, juu ya bustani. Elias akateleza, akakaa majini na kaptula yake ya shule.

"Tumekuleta uvue wadudu, siyo uoge!" wenzake wakamzomea. Paskazia alicheka hadi akajishika kiuno.

Beseni jeupe lilijaa mabuu ya kerengende, konokono na kaa wadogo. Kisha, kwa mara ya kwanza, wakashuka chini ya bustani. Wakapindua mawe, wakapitisha wavu, wakamimina. Minyoo wawili wekundu, basi.

"Hao ndio hubaki maji yakiharibika," mwalimu akasema.

Nusrat, msichana aliyeshika daftari, akauliza kwa adabu, "Bibi, pampu ya dawa ya nyanya huwa unaoshea wapi?"

Paskazia angeweza kusema nyumbani. Miaka minne alikuwa akiioshea pale, chini ya bustani, ili sumu isifike mahali anapochota maji yake. Alijiona ana akili. Mahali maji yalipokwenda baada ya hapo alipajua vizuri: kwa mdogo wake, Dorotea.

"Hapo mliposimama," akasema.

Nusrat aliandika taratibu, bila kuinua uso.

Paskazia aliviacha viazi motoni akakifuata kijito. Alimkuta Dorotea amekwisha kujitwisha ndoo.

"Shikamoo dada. Leo umeikumbuka njia?"

"Marahaba. Itue hiyo ndoo, mdogo wangu."

Akamweleza yote, bila kupunguza neno. Dorotea alisikiliza, ndoo ikiwa bado kichwani, maji yakimchuruzika shingoni.

"Wajukuu zako wanakunywa haya," akasema hatimaye.

"Sikufikiri."

"Kwako ulifikiri."

Dorotea akaitua ndoo, akaimwaga yote majanini, akashika njia ndefu ya kwenda kwenye bomba la mtaani. Dada yake alinyoosha mkono amsaidie kuibeba. Dorotea akaihamishia upande wa pili, akaendelea kutembea.