Shilingi Zilizokuwa Ukutani

Kila ninaposiriba ukuta kwa mavi mabichi ya ng'ombe, harufu ile huniletea ladha ya chuma mdomoni.

Nilipokuwa mtoto, mama alificha nauli ndani ya ukuta kama huu. Kila akiuza ulezi alizika shilingi ukutani, karibu na mafiga, akasiriba juu yake. Alitaka kumpeleka mdogo wangu Musoma, kwa daktari wa macho. Nauli ilipotimia, mgambo wakaja kutuhamishia kijiji cha ujamaa, wakaangusha nyumba kabla mama hajazichimbua. Shilingi zikamwagika, majirani wakazirukia. Nami nikaweka moja chini ya ulimi, kwa tamaa ya sukari guru.

Mama alipanda juu ya kifusi akalaani: "Atakayebaki na hela ya mwanangu, macho yafe nyumbani kwake!"

Kwetu laana ya mama haichezewi. Majirani wakarudisha upesi. Mimi niliogopa kuliko wote, nikafumba mdomo.

Tulipopanda basi stendi ya Mugumu, kondakta alihesabu nauli akasema, "Mama, imepungua shilingi moja. Shukeni."

"Nitakulipa tukirudi, baba," mama akamsihi.

Basi likaondoka. Nilikuwa nimesimama pale, shilingi imo shavuni. Ulezi uliofuata ulipokomaa, mdogo wangu alikuwa haoni tena.

Sasa ni mzee, anaishi kwangu. Nikisiriba huketi karibu, akipapasa ukuta.

"Dada," aliniambia leo, "mama alikufa akiuliza ni jirani gani."

Nikamwambia atoe mkono, ukuta haujakauka.