Nyayo za Habiba Uwanjani

Jamani, leo nimeumbuliwa na mzee wa ng'ombe mbele ya basi zima.

Habiba, mshambuliaji wangu, ameitwa Nairobi kwa majaribio ya timu ya taifa ya soka ya wanawake. Timu inapanda viwango, sasa inatafuta wasichana mpaka huku Garsen.

Miaka minne nimewafundisha wasichana wa hapa peke yangu. Jezi kumi na moja nimeshona mwenyewe. Hakuna aliyeniletea hata sindano!

Baba yake, Mzee Barisa, nilimwambia binti anaenda kwa shangazi Malindi.
(Ndiyo, nilidanganya. Angekataa.)

Saa mbili asubuhi, mabasi yanasubiri askari wa kuyasindikiza, maana njia si salama. Msafara ni mmoja tu kwa siku. Mara namwona mzee anakuja na fimbo yake.

Habiba ameshakaa ndani ya basi, dirishani.

"Mama Rehema, huyu haendi kwa shangazi. Anaenda kucheza mpira."

Nikasimama kati yake na mlango wa basi.

"Kila asubuhi napitisha ng'ombe kando ya uwanja wenu. Nyayo za mtoto wangu nazijua. Tangu mwezi jana, mguu wa kushoto haukanyagi sawa. Wewe mwalimu hujaona?"

Nikamtazama Habiba dirishani. Akainama.

"Ningesema, ungeniacha, mwalimu."

Mzee akampitishia kitambaa. "Funga kifundo cha mguu, ukaze. Haya, nenda."

Basi likaondoka naye.

Mabao yake thelathini na moja nimeyahesabu yote. Kuchechemea kwake sikukuona.

Majaribio ni kesho kutwa. Semeni kweli: nyinyi mngemshusha?