Watu Mia Tisa wa Mkutubi

Tangu mumewe afariki, mkutubi wa shule alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua madirisha ya maktaba, aliwasha kompyuta na kutazama namba. Ilikaa chini ya video aliyojirekodi mwenyewe kwa ajili ya ukurasa wa shule, akiwafundisha wanafunzi kutambua habari za uongo mtandaoni. Ukifungua ukurasa tu, video inaanza yenyewe, hata hujaiomba. Na namba inapanda.

"Mia tisa!" alimpigia mdogo wake simu. "Watu mia tisa wamenisikiliza, mdogo wangu!"

"Hongera, dada. Mimi ninao watoto wanne humu ndani na hakuna anayenisikiliza."

Wakacheka. Jioni alikula peke yake kama kawaida, lakini siku hiyo chumba hakikuwa kikubwa sana.

Ijumaa likaja darasa zima kufanya mazoezi ya ukurasa huo. Mkutubi alikuwa nyuma ya rafu akigundisha majalada yaliyochanika, akasikia sauti yake mwenyewe: "Karibuni, wana—" Kimya. Kompyuta ya pili: "Karibuni, wa—" Ya tatu: "Kari—"

"Bibi Karibuni huyo, mzimeni!" msichana mmoja akasema. "Anakurukia kama jogoo wa jirani."

"Kwani huko mbele huwa anasema nini?"

"Nani ajuaye? Maswali yako chini, we shuka tu."

Kicheko hicho! Gundi ikamkaukia mkutubi vidoleni. Lakini kilichomchoma hasa si kicheko. Dakika ya nne ya video hiyohiyo alikuwa ameinua kidole na kuonya: usiamini namba kabla hujauliza imehesabiwaje. Kweli mganga hajigangi.

Walipotoka, akaizuia video isijianzishe. Akaweka kitufe: anayetaka, abonyeze. Namba akairudisha sifuri.

Jumatatu, sifuri. Jumanne, sifuri. Jumatano akafungua madirisha kwanza, moja baada ya jingine, taratibu, akapangusa na vumbi lisilokuwepo. Ndipo akatazama.

Moja.

Alikuwa bado ameikodolea macho namba hiyo, simu ikaita.

"Dada, leo nimekutazama mpaka mwisho, dakika zote tisa. Sikuwahi kabla, nisamehe." Mdogo wake akashusha sauti. "Mbona umekonda hivyo, na hukuniambia?"

Mkutubi akavuta kiti, akakaa.